Bodi moja, njia mbili: Stryker, LAV III na swali la nani akae juu na mzinga

Ukitazama picha za Mosul, mji wa Iraki, za mwaka 2004 utaona Stryker, gari la deraya la Kimarekani lenye matairi manane, limezungushiwa fito za chuma kama kizimba. Juu ya paa kuna bunduki nzito ya milimita 12.7, na nyuma ya bunduki hiyo hakuna mtu. Anayeilenga ameketi ndani, macho kwenye skrini, mkono kwenye kishikizo kidogo cha kuiongozea. Hilo ndilo lililosifiwa: askari hatoi tena kichwa nje akawa shabaha ya mdunguaji.

Sasa tazama nyuma ya gari hilohilo. Vifuniko vya paa viko wazi, na askari wawili wamesimama wakiwa nje kuanzia kifuani, bunduki mkononi, mmoja anaangalia kushoto, mwingine kulia. Mara nyingi kamanda wa gari naye amechomoza. Mtu mmoja ameondolewa kwenye hatari, halafu wawili au watatu wametumwa kusimama palepale.

Picha hizo ndizo zilizonifanya niandike uchambuzi huu. Mjadala wa tareti yenye watu, yaani kile kibanda cha chuma kinachozunguka juu ya gari, na silaha inayoongozwa kutoka ndani huendeshwa kana kwamba ni ugomvi wa zamani na usasa: upande mmoja chuma na jasho, upande mwingine kamera na kompyuta. Mimi naona umeulizwa vibaya. Mtu aliyekaa juu na mzinga alikuwa na kazi mbili, kupiga na kuona. Mashine ilipokuja ilichukua ile ya kwanza. Ya pili iliachwa bila mwenyewe, na jeshi likalazimika kuwatoa watu wengine nje wakaifanye.

Kisa cha Stryker ni kizuri kwa sababu ana ndugu wa tumbo moja. Tunaweza kuwalinganisha bila kubahatisha.

Ndugu wawili kutoka London, Ontario

Stryker na LAV III ya Kanada zote ni uzao wa Piranha, gari lililobuniwa na kampuni ya MOWAG ya Uswisi, na zote zimetoka kwa kampuni yenye kiwanda katika mji wa London, jimbo la Ontario, Kanada. Bodi ni moja, matairi manane ni yaleyale. Tofauti iko juu ya paa.

Kanada iliweka tareti yenye watu. Ndani yake wanakaa wawili, kamanda na mpiga mzinga, bega kwa bega, na katikati yao mzinga wa milimita 25 aina ya Bushmaster. Pamoja na dereva, wahudumu wa gari ni watatu, na nyuma hubaki nafasi ya askari sita au saba.

Marekani iliweka Protector, kazi ya kampuni ya Kongsberg ya Norway: kitako chenye mota kinachobeba bunduki ya milimita 12.7 au kirushio cha guruneti za milimita 40, pamoja na kamera. Kitako hicho hakishuki ndani ya gari. Kinachopita kwenye paa ni nyaya. Wahudumu ni wawili tu, na nyuma wanakaa tisa.

Hiyo tisa ndiyo namba ya kushika. Seksheni ya askari wa miguu wa Marekani ina watu tisa. Katika Bradley, gari la minyororo lenye tareti ya watu wawili, hawaenei, hivyo seksheni moja hugawanywa katika magari mawili. Aliyewahi kuongoza watu anajua maana yake: gari linasimama, mlango wa nyuma unashuka, na nusu ya watu wako wako mtaa mwingine. Stryker ilimrudishia kiongozi wa seksheni watu wake wote chini ya paa moja. Wengi hudhani kuwa tareti iliondolewa ili kumlinda mpigaji. Ulinzi ulikuwa faida, lakini nafasi ya viti na uzito ndivyo vilivyosukuma uamuzi.

Uzito una historia yake. Mwaka 1999, wakati wa vita vya Kosovo, Marekani ilipeleka kikosi cha helikopta na vifaru nchini Albania, na kazi ya kukifikisha ikachukua wiki nyingi na kuzama kwenye matope. Oktoba mwaka huo Jenerali Eric Shinseki, mkuu wa jeshi la nchi kavu, akatangaza kwamba anataka brigedi inayoweza kufika popote duniani ndani ya saa 96. Ili hilo liwezekane, gari lilipaswa kuingia katika ndege ya mizigo ya C-130, na C-130 ina kikomo cha uzito na cha kimo cha dari. Tareti ya watu wawili yenye mzinga ingevunja vikomo vyote viwili. Novemba 2000 mkataba wa magari 2,131 ukatolewa, wa thamani ya takribani dola bilioni 4. Tareti ilikuwa imeshapoteza kesi kabla hata risasi moja haijapigwa.

Naomba msomaji asiudharau uamuzi huo. Tareti yenye watu ni mzigo mkubwa kuliko inavyoonekana kwa nje. Chini yake kuna kikapu kinachozunguka pamoja nayo, kinachokula nafasi ya abiria hadi sakafuni. Kwa kuwa ndani yake kuna watu, kila upande unahitaji chuma kizito. Chuma hicho kikikaa juu, gari linakuwa na kichwa kizito. LAV III zilipinduka mara kadhaa, mazoezini na Afghanistan, na Wakanada waliokuwa ndani walipoteza maisha. Unapowatoa watu kwenye tareti, unachopaswa kukilinda ni mzinga na vifaa vyake tu, na uzito unaobaki unaweza kuupeleka chini, walipo watu.

Mosul

Brigedi ya kwanza ya Stryker, kutoka Fort Lewis katika jimbo la Washington, iliingia Iraki Desemba 2003, ikaanzia maeneo ya Samarra, kisha mwanzoni mwa 2004 ikapewa Mosul. Ilikuwa imekwenda kuchukua nafasi ya kikosi kikubwa kuliko yenyewe, katika mji wa watu zaidi ya milioni moja, wenye mitaa myembamba, magorofa, masoko na barabara za juu.

Mwishoni mwa 2004 kituo cha jeshi la Marekani kinachokusanya mafunzo ya vita kiliandika ripoti kutokana na mahojiano na askari wenyewe, na miezi michache baadaye ripoti hiyo ikavuja kwenye magazeti. Ndani yake mlikuwa na mambo ya matairi, ya mikanda ya viti, na ya zile fito za chuma za kuzuia roketi za RPG zilizoongeza zaidi ya tani mbili. Kuhusu silaha ya juu, lalamiko lilikuwa wazi: gari likiwa linatembea, mpigaji hawezi kulenga sawasawa. Protector ya toleo la kwanza haikuwa na mfumo wa kuituliza bunduki. Gari likiruka tuta, kamera inaruka nalo, na picha kwenye skrini inaruka pia. Ili upige vizuri ilibidi usimame.

Kusimama Mosul ilikuwa ndiyo hatari yenyewe. Nguvu ya Stryker iko katika mwendo wake. Matairi hayapigi kelele kama minyororo, na Wairaki wenyewe walikuwa wakishangazwa na jinsi gari zito namna ile linavyotokea kwenye kona bila kusikika. Ukilisimamisha ili bunduki yake itulie, umelinyang'anya ule uwezo uliolifanya liwe tofauti.

Mpigaji wa zamani, yule wa kusimama kwenye tundu la paa na kushika bunduki kwa mikono, alikuwa na mfumo wa kutuliza tangu azaliwe: magoti, kiuno na shingo. Hakuwa sahihi kwa mbali, na alikufa kwa urahisi. Lakini gari likiruka, macho yake yalibaki kwenye dirisha alilolitilia shaka.

Kasoro hii ya kutotulia ilirekebishika. Matoleo yaliyofuata yakatulizwa, yakapewa kamera za joto zilizo bora na kipimo cha umbali cha leza. Agosti 2007 Kongsberg ikashinda mkataba mkubwa wa kuyapa magari mengine ya jeshi la Marekani silaha za aina hiyo, zilizoitwa CROWS, na maelfu zikafungwa kwenye Humvee na magari ya kuhimili mabomu. Kwa askari aliyekuwa anasimama kwenye tundu la Humvee huku barabara imetegwa mabomu, hiyo ilikuwa rehema. Bomu likilipuka, aliyesimama juu hurushwa, hukatwa na vipande, au gari humwangukia likipinduka. Kumshusha huyo mtu akaketi na kufunga mkanda ni jambo lililookoa watu, na sioni hoja ya kulipinga.

Pia kulikuwa na faida ambayo waliobuni mfumo hawakuitegemea sana. Mpigaji aliyeketi, asiye na hofu ya kupigwa risasi ya shingo, ana utulivu wa kuangalia mara mbili. Anakuza picha, anaona kwamba kilicho mkononi mwa mtu kwenye paa ni simu au ni koleo, na anaacha kidole. Aliyesimama nje, moyo ukimdunda, ana nusu sekunde ya kuamua. Katika mji uliojaa raia, tofauti hiyo ni maisha ya watu wasio na hatia. Ningeizingatia hata kama isingeokoa askari hata mmoja.

Kuona kwa tundu la ufunguo

Basi mbona watu walibaki wamesimama kwenye vifuniko vya nyuma?

Kwa sababu kamera ile, hata ikiwa kali namna gani, inaona upande mmoja tu kwa wakati mmoja, ule bunduki inakoelekea. Ukitaka kuangalia nyuma, lazima uzungushe silaha nzima. Ukikuza picha ili umwone mtu aliye mita mia nane, umepoteza aliye mita hamsini. Ni sawa na kulinda nyumba kwa kuchungulia kwenye tundu la ufunguo: unachokiona unakiona vizuri, lakini mwizi hana haja ya kupita mbele ya tundu hilo.

Aliye nje anaona kwa pembe ya jicho. Anasikia. Risasi ikipigwa, masikio yake humwambia mara moja imetoka kushoto, juu, karibu. Ananusa moshi. Anaona kwamba mtaa uliokuwa na watoto jana leo hauna hata mtoto mmoja, na watembeaji wa doria Mosul walikuwa wakisema hiyo ndiyo dalili kubwa kuliko zote. Anaweza kumpungia mkono mwenye duka, na mwenye duka akamjibu au akageuza uso. Skrini haipokei salamu.

Mtu yeyote aliyewahi kuona yale magari meupe ya Umoja wa Mataifa yakipita Goma anamjua askari huyu, yule mwenye kofia ya buluu aliyesimama kwenye tundu. Wakazi humwangalia yeye kwanza. Gari lisilo na sura ya mtu juu yake linapita mtaani kama kitu kilichofungwa, na wanaoishi pale hawana wa kumwambia kitu. Katika kazi ya kulinda raia, hilo ni pungufu la kweli.

Wahenga walisema macho hayana pazia. Macho ya kamera yanayo. Vumbi la Iraki ni jepesi kama unga na linakaa kwenye kioo. Tope la Ulaya linaganda. Risasi moja ya bunduki ya kawaida ikipiga kioo cha kamera, silaha ya thamani kubwa imekuwa pambo la paa. Bunduki ikikwama, au risasi kwenye kasha zikiisha, katika mifumo ile ya mwanzo mtu hufungua kifuniko na kupanda juu kwa mikono yake, tena katikati ya mapigano, wakati mbaya kuliko wote. Aliye ndani ya tareti hunyoosha mkono, huvuta mkanda wa risasi, hupiga kifuniko kwa kiganja, na kuendelea.

Ndugu wa pili huko Panjwayi

Kanada ilipopeleka LAV III mkoa wa Kandahar, Afghanistan, mwaka 2006, tareti yake ilipata jina zuri. Mzinga wa milimita 25 ulikuwa umetulizwa. LAV ilipiga ikitembea. Kamanda na mpigaji walikaa pamoja, wakasemezana bila redio kupotosha, na kamanda akatoa kichwa nje alipohitaji kuona na kukirudisha ndani alipohitaji kuishi. Milimita 25 dhidi ya 12.7 si tofauti ndogo: moja inapasua ukuta na kulipuka upande wa pili, nyingine inachimba vishimo.

Lakini Septemba 2006, katika Operesheni Medusa wilayani Panjwayi, hata tareti hiyo ilikutana na kitu kilichoizidi. Wakulima wa huko hukausha zabibu katika vibanda vya udongo vyenye kuta nene zilizokauka kwa miaka mingi hadi zikawa kama saruji. Milimita 25 ilizitoboa kwa shida au haikuzitoboa kabisa. Tarehe 3 Septemba kombania moja ya jeshi la Kanada ilivuka mto Arghandab kuelekea kwenye jengo la shule, ikapokewa na moto wa pande tatu, na Wakanada wanne wakauawa siku hiyo. Kabla mwaka haujaisha Kanada ilikuwa imeleta vifaru vya Leopard, vifaru ambavyo miaka michache tu kabla ilikuwa imekusudia kuviacha kabisa.

Nasimulia haya ili nisionekane mshabiki wa tareti yenye watu. Kuta za Panjwayi hazikuuliza mpigaji ameketi wapi. Ziliuliza ukubwa wa kombora. Na Wakanada wenyewe hawakuwa na itikadi katika jambo hili: katika uwanja huohuo walitumia magari ya RG-31, yenye asili ya Afrika Kusini, yaliyofungwa Protector ileile ya Norway. Barabarani kwenye mabomu walimficha mpigaji. Shambani kwenye mapigano walimpandisha kwenye tareti. Nadhani hao ndio walioelewa mapema kuliko wengine.

Vilseck, 2015

Machi 2015, mwaka mmoja baada ya Urusi kuichukua Crimea, Kikosi cha 2 cha Farasi cha Marekani chenye makao Vilseck, Ujerumani, kiliendesha Stryker zake kutoka nchi za Baltiki kupitia Poland na Ucheki hadi nyumbani, zaidi ya kilomita 1,700, huku watu wakipanga mstari barabarani na bendera. Ilikuwa safari ya kuonyesha mshikamano. Wanajeshi wenyewe walijua wamebeba nini juu ya paa: bunduki ya milimita 12.7, wakati magari ya deraya ya Urusi, BMP-2 na BTR-82A, yana mizinga ya milimita 30. Mwezi huohuo kikosi kikatuma ombi rasmi la kupewa mzinga.

Hapa ndipo kisa kinaponoga. Marekani ingeweza kufanya kama Kanada, kuweka tareti ya watu wawili. Haikufanya hivyo, na sababu ni ileile tisa. Ikachagua njia ya tatu: tareti kamili yenye mzinga wa milimita 30, ila bila mtu ndani yake. Ni MCT-30, tena ya Kongsberg. Oktoba 2016 gari la kwanza likaonyeshwa huko Michigan, na kufikia 2018 kikosi cha Vilseck kilikuwa kinayatumia, magari zaidi ya 80 yaliyopewa jina la Dragoon. Tareti iliongeza karibu tani mbili. Magari mengine ya kikosi yakabaki na kitako cha CROWS, kilichoongezewa kombora la Javelin la kuua vifaru.

Somo moja la Mosul lilikuwa limeeleweka: MCT-30 hujazwa risasi kutoka ndani, chini ya deraya. Hakuna anayepanda paani. Ni badiliko dogo katika karatasi za mauzo, lakini kwangu ndilo linaloonyesha kwamba kuna mtu aliyewasikiliza askari.

Somo la macho lilieleweka nusu. Mzinga na nyumba yake vikikaa juu ya paa, vinamzibia anayechomoza kichwa pembeni yake. Tatizo hilohilo lilitokea kwenye vifaru vya Abrams: CROWS ya kwanza iliyofungwa mbele ya kamanda ilikuwa ndefu kiasi cha kumkinga asione mbele akiwa nje, na ikabidi itengenezwe nyingine fupi. Silaha iliyoletwa ili mtu asitoe kichwa ilimpofusha pale alipolazimika kukitoa. Na alilazimika, kwa sababu bado hapakuwa na kitu cha kuchukua nafasi ya macho yake.

Kisha likaja jipya ambalo tareti ya chuma na mafuta haikuwa nalo. Ripoti ya wakaguzi wa majaribio wa Pentagon ya mwaka 2018 ilisema kwamba waliojifanya adui katika majaribio waliweza kupunguza baadhi ya uwezo wa Dragoon kwa njia ya kimtandao, na kwamba udhaifu huo kwa sehemu kubwa ulikuwemo tangu kabla ya tareti mpya. Kati ya jicho la mpigaji na mdomo wa mzinga wake sasa kuna kompyuta. Katika LAV ya zamani kulikuwa na kioo, na umeme ukikatika mpigaji bado ana mkono wa kuzungusha gurudumu.

Kuna ndugu mwingine wa Stryker ambaye husahaulika, ingawa ana la kusema. Ni Stryker yenye mzinga wa milimita 105, isiyo na mtu kwenye tareti, inayojipakia makombora yenyewe kwa mashine. Ilikwenda Iraki mwaka 2007. Joto ndani yake, likichanganyika na joto la vifaa vya umeme, lilikuwa kubwa kiasi kwamba wahudumu walivaa fulana maalumu za kupoza mwili. Mei 2021 jeshi likatangaza kuiondoa, na miongoni mwa sababu zilizotajwa ni mzinga wa kizamani na mashine yake ya kupakia. Mpakiaji wa kibinadamu huchoka, hutukana, hupata jasho, lakini akikwama mwenzake humsukuma. Mashine ikikwama chini ya deraya ambako mkono haufiki, gari zima limetoka vitani.

Hata hivyo Marekani haikurudi nyuma. Juni 2021 ilichagua tareti nyingine isiyo na mtu, Samson ya kampuni ya Rafael ya Israeli, iungwe na kampuni ya Oshkosh ya Marekani kwenye Stryker zinazofuata. Na gari litakalorithi Bradley nalo limepangwa kuwa na tareti isiyo na mtu. Kanada nayo haikubadili yake: ilipoifanya LAV III kuwa LAV 6, kamanda na mpigaji walibaki palepale ndani ya tareti, na tangu 2017 magari hayo yako Latvia. Ndugu wawili wa London, Ontario, wamesimama karibu na mpaka uleule wa mashariki mwa Ulaya, kila mmoja na jibu lake.

Nani ana haki

Januari 2024 ilisambaa video kutoka kijiji cha Stepove, karibu na Avdiivka, Ukraini. Bradley mbili, zenye tareti za watu wawili na mzinga wa milimita 25, zinapigana kwa karibu na kifaru cha Kirusi cha T-90M. Milimita 25 haiwezi kupenya deraya ya mbele ya kifaru hicho. Wapigaji wakamimina tu, wakaharibu vifaa vya kuonea vilivyo nje, na tareti ya T-90M ikaanza kuzunguka ovyo bila kuongozeka. Kifaru kikafa kwa kupofuka.

Wengi waliitumia video hiyo kuthibitisha kwamba tareti yenye watu imeshinda. Mimi nimeona kitu kingine: T-90M nayo ina watu ndani ya tareti, na hawakufaidika na hilo hata kidogo, maana walikuwa wanaona kwa vioo na kamera tu, na vifuniko vimefungwa. Katika anga la leo lililojaa droni ndogo zinazobeba mabomu, hakuna kamanda anayeweza kutembea na kifuniko wazi kama ilivyokuwa Mosul. Yule askari wa kifuani nje, ambaye macho na masikio yake yaliziba pengo la kamera kwa miaka ishirini, amelazimika kuingia ndani. Tofauti kubwa kati ya ndugu hawa wawili inapungua kila mwezi, kwa sababu hata aliye ndani ya tareti sasa naye anachungulia.

Kwa hiyo hukumu yangu ni hii. Kwa gari la kubeba askari, tareti isiyo na mtu ndiyo sahihi: inarudisha viti, inashusha uzito, na haimwachi mtu kwenye sehemu ya gari inayopigwa kwanza. Lakini fedha zilizookolewa kwenye chuma zilipaswa kwenda kwenye macho, na hazikwenda kwa kiwango hicho. Gari la namna hii linahitaji kamera ndogo nyingi pande zote, zisizofungwa kwenye mzinga, kila askari wa nyuma akiweza kuziona. Linahitaji vinasa sauti vinavyomwambia kamanda risasi imetoka wapi. Linahitaji kioo cha pili pale cha kwanza kinapovunjika, na njia ya kusafisha tope bila mtu kutoka. Vyote hivi vipo na vimeshatengenezwa. Jeshi linalonunua tareti isiyo na mtu na kuviacha kwa ajili ya bajeti limenunua nusu ya gari, na nusu ya pili italipwa na askari.

Wale askari wawili wa nyuma katika picha za Mosul hawakuwa wakaidi wala washamba wa teknolojia. Walisimama pale kwa sababu wenzao saba ndani hawakuwa na dirisha.